Saini ya Mama kwenye Fomu ya Chuo

Matrah, Alhamisi, Oktoba 1970

Jua la leo halina huruma, na majabali nyuma ya nyumba yanaturudishia joto lote ndani. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Moyo hautulii.

Jana nilimdanganya mama.

Binamu yangu Said, anayesoma Marekani, aliniletea kwa posta fomu za vyuo viwili vya huko. Vyote vinapokea maombi mapema na vinajibu Disemba, wakati waombaji wa kawaida wanangoja hadi Aprili. Lakini chuo cha kwanza, nilichokitamani tangu tuko Unguja, kinataka ahadi: wakikukubali umeshafungika, huombi kwengine, Septemba unakwenda. Cha pili kinakujibu mapema vilevile, ila kinakuachia mpaka mwisho wa Aprili uamue.

Ahadi ile inataka saini ya mzazi. Mama hasomi Kiingereza. Alishika kalamu, akauliza, "Nnatia saini nini, mwanangu?"

"Kwamba unajua naomba chuo."

Akatia, kwa herufi za Kiarabu, polepole kama anayedarizi kofia. Habari ya kufungika sikuitaja. Baba yuko Unguja bado, anangojea ruhusa ya kusafiri atufuate huku Matrah, na hapa mama hana mtoto mwengine ila mimi. Nilijiambia kwamba nikisema kweli atakataa.

Leo asubuhi nilichukua bahasha niende posta. Nilifika mlangoni tu. Nikarudi jikoni, mama anapepeta mchele, nikamsomea karatasi nzima kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Aliweka ungo chini. "Na Septemba ikifika, baba yako hajaja?"

"Itabidi niende, mama."

Nilingojea anigombeze.

"Ungenambia kweli jana, ningetia saini vilevile," alisema. "Haya, kaipeleke. Sikuzuii."

Bora angenipiga kofi.

Maana baada ya ruhusa ile nilijiona nilivyo. Jana nilikuwa na ujasiri wa kufungika kwa sababu mama hajui. Leo anajua, ameridhia, na mimi ndiye siwezi. Siwezi kuahidi sasa hivi kwamba nitamwacha peke yake, na baba sijamtia machoni tangu tulipoagana bandarini.

Nikaichana fomu ya kwanza. Nikajaza ya pili palepale, juu ya meza ya jikoni. Hii haikutaka saini ya mzazi, lakini nilimsomea yote kabla ya kufunga bahasha. Adhuhuri haijaadhiniwa, ilikuwa imeshafika posta.

Said ataniita mjinga. Pengine ni kweli. Chuo nilichokitaka naweza bado kukiomba pamoja na wengi wanaongoja Aprili, lakini nafasi huko ni chache, na tangu mchana najiuliza kama nimefanya busara au nimeogopa tu.

Nimejipa mpaka Aprili. Baba akifika kabla ya hapo, nitapata wapi moyo wa kumuaga tena?