Divai Aliyoipandisha Povu Shemeji

Jumatano, kabla jua halijazama. Upepo wa Ikungi haujatulia tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nami nina hasira kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi.

Divai imeharibika.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma mwakani nikadhani nilikuwa na wazimu. Divai hiyo ni ya asali, na asali yenyewe aliirina mume wangu, mzinga wake wa mwisho kabla hajaenda vitani Burma na Keya, jeshi la Waingereza. Akasema nimtunzie, tutaionja pamoja. Miaka yote ya vita sikuigusa, hata mtoto alipokohoa. Vita vilipokwisha ndipo nikaitengeneza divai, kama nilivyofundishwa jikoni kwa masista nilipokuwa msichana.

Jumamosi hii mume wangu anafika nyumbani.

Mapovu yalikuwa yamekwisha, divai imetulia, mashapo yamelala chini ya chupa kubwa. Ilibaki kuihamishia chupa safi. Kazi hiyo haitaki papara. Unaivuta kwa mpira, ncha ya mpira iguse kitako cha chupa mpya, divai ipande polepole bila sauti mpaka shingoni, kisha unaziba. Ikipigwa na hewa imekwisha. Lakini kabla sijaanza niliitwa Ulemo kumuuguza mama. Nikamwomba shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, asiiguse. Nilimwomba kwa adabu zote.

Leo nimerudi. Chupa ina nusu tu, rangi ya chai iliyolala, na harufu ya siki imenifikia nikiwa bado mlangoni.

Shemeji hakuona aibu hata kidogo. "Mama Eliza, nimekusaidia," akasema. "Ilikuwa kimya mno. Nikaichota kwa kibuyu, nikaimimina toka juu ipate povu. Pombe isiyo na povu utampa nani?"

Na nusu nyingine? Wazee wameionja, eti wameisifu sana.

Kaimimina kama pombe ya mtama. Nilitaka kumrushia chupa. Badala yake nikasema ahsante. Tangu mume wangu aondoke, shamba lipi lilimwe ameamua yeye, ng'ombe yupi auzwe ameamua yeye, na nimenyamaza. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa chetu sisi wawili, naye kakitia kibuyu.

Mume wangu nitamwambia nini? Kwamba nilishindwa kulinda chupa?

Nimeinua chupa niimwage nje, nikairudisha. Haimwagwi.

Jumamosi wageni wakishaketi, mkubwa wa nyumba ndiye hupewa kwanza. Nitampa shemeji kikombe kikubwa kuliko vyote. Nitapiga goti inavyotakiwa, nitammiminia toka juu ipate povu, mbele ya mdogo wake. Kisha nitabaki hapo hapo gotini mpaka akimalize.