Jiwe la Bwana Miti

S.L.P. 1846,
Ruwi, Maskati,
Oman.
9 Machi 1998

Mpendwa mdogo wangu Hatem,

Assalamu alaykum. Hujambo wewe, mkeo na watoto? Kifua cha Mama kimepoa, au ukungu wa milimani bado unamsumbua? Sisi wazima, ila joto limewahi mwaka huu. Mwanangu Salem amepata kazi gereji moja ya Wadi Kabir. Kila siku anarudi na nguo zimelowa oili, na mimi nafua nikinung'unika.

Picha ya jiwe ilifika Jumamosi, na tangu siku hiyo situlii. Naanza kupika, naacha. Nimekwenda posta mara mbili bila barua ya kutuma. Salem ameshaniuliza kama nimepoteza kitu.

Usidhani sikufurahi. Halmashauri kumwekea Baba jiwe la kumbukumbu pale sokoni Kwemtindi, yeye Bwana Miti aliyeukuta mlima mtupu akauacha msitu! Lakini niliposoma yaliyochongwa niliona aibu. Maneno yale ni yangu. Mliponiomba historia yake, niliandika kama tunavyojaza karatasi za serikali huku: Humaid bin Salem bin fulani bin fulani, mpaka babu wa saba, na kabila juu yake. Huku usipotaja nasaba yako hujulikani u nani, basi mkono umezoea. Fundi naye akachonga yote, jiwe likajaa.

Na Mama Sayyida hayumo.

Umeniandikia kwamba ulimsomea, akakwambia, "Nisomee tena." Ulipomaliza akasema, "Alhamdulillah," akaenda kuchambua maharage yake. Hatem, heri angenitukana.

Wewe hukuyaona, ulikuwa tumboni. Mimi nilikuwa na miaka minane, mama yangu mzazi ameshafariki, na mama yako ndiye aliyenilea. Kiangazi kile Baba alisimama na kofia yake akielekeza mashimo yachimbwe wapi. Mama alipanda mlima na debe la maji kichwani, asubuhi mara tatu, jioni mara tatu. Baba akimwambia apumzike, anamjibu, "Na miche nayo ipumzike kunywa?" Nilimfuata nyuma na kikopo changu, nusu nikiimwagia njia. Yote hayo nayajua, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu mimi.

Barua hii anakuletea mume wa Rawya, jirani yangu, anayesafiri Alkhamisi, ikufike kabla jiwe halijazinduliwa tarehe nne Aprili. Nakuomba nenda kwa fundi upesi. Aligeuze jiwe, achonge upya upande wa pili: "Msitu huu ulipandwa na Humaid bin Salem na mkewe Sayyida binti Mbaruku." Akilalamika kwamba mababu hawatapata nafasi, waachwe. Wao hawakubeba maji.

Nisalimie mkeo Kheiria, Shangazi Wadha, na wanao wote mmoja mmoja. Mungu awape mvua njema na azidi kuwaweka pamoja.

Mama usimwambie lolote kwanza. Siku hiyo mkalishe mbele kabisa, na hata asipokuomba, msomee mara mbili.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na niwaombaye radhi,
Mahfoudha