Lugha Aliyonena Obuya

Parklands, Nairobi
11 Januari 2009

Mpendwa dada Mercyline,

Basi, kama nilivyokuwa nikianza kukueleza kabla simu haijakatika, huyo mtu unayemtafuta, aliyemsikia kaka yako Obuya kwa masikio yake siku ile, yupo, wala hayuko mbali. Nitamfikia. Nivumilie kidogo, maana nisipoanzia mwanzo sitaweza kumaliza, na jambo hili si la simu.

Kabla ya hayo nikusalimu. Hujambo, dada? Watoto hawajambo? Na Mama yenu, je, miguu bado inamvimba akisimama sana kanisani? Sisi huku tuko wazima. Tumepata chumba nyuma ya gorofa moja hapa Parklands, kidogo lakini kina dirisha, na asubuhi kengele ya hekalu la Wahindi hutuamsha kabla ya saa yetu wenyewe.

Dada, ndoa ni tamu. Sikujua mtu anaweza kupendwa hivi. Kibe hunipigia pasi nguo zangu za kazi kabla ya zake. Huandika vikaratasi akavificha ndani ya mkebe wa sukari, nikifungua nipate chai nakuta ameandika kwamba sukari haihitajiki humu maana mimi nipo. Najua utacheka. Wenzangu kazini wananiambia ningoje mwaka uishe ndipo niseme. Mimi nasema sasa, maana sasa ndiyo niliyo nayo.

Ulisikitika kwamba hukuweza kuja harusini mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa ndogo, watu arobaini na kitu. Mama yangu alikuja kutoka Bungoma na kuku wawili, na shangazi yake Kibe, Wangui, akawapokea kuku wale kama wageni rasmi. Kulikuwa na kiti kimoja kitupu upande wa kulia wa Kibe, na juu yake tai ya buluu. Hicho kilikuwa kiti cha mpambe. Kibe alikataa katakata kuweka mtu mwingine, akasema mpambe wake alishachaguliwa tangu zamani na hakubadilishwa. Nililia sana nilipokiona. Watu wakasema ni furaha ya bi harusi. Nami nikawaacha waseme.

Ulipokuwa ukituuliza zamani tunafanya nini mjini kila Jumamosi, Obuya alikuambia tunasoma kompyuta. Ukweli ni kwamba tulikuwa tukitazama katuni za Kijapani. Tulikutana pale juu, orofa ya tatu, kwenye saiba ya Ndungu, duka lake la intaneti, karibu na Moi Avenue. Ndungu alituachia mashine moja ya pembeni, na watu sita tukabanana mbele yake, maandishi ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Huko ndiko nilikomjua Kibe. Alinipa nusu ya kiti chake, na nusu ile sijaiacha hadi leo.

Wengine tulifuata hadithi, lakini kaka yako alifuata maneno. Alikuwa na kauntabuku, daftari kubwa jeusi, amelichora mistari: neno, nani amelisema, kamwambia nani, alikuwa amekasirika au anatania. Pembeni aliandika onyo kwa wino mwekundu, kwamba hili usimwambie mzee, hili ni la wahuni, hili ni la kumwambia rafiki tu. Ndiye aliyegundua kwamba wahusika wengine hawasemi kama wenzao. Akatueleza kwamba hao ni watu wa Osaka, kwamba wana lafudhi yao na maneno yao, na watu wa mji mkuu huwacheka kama vile sisi tunavyochekwa tukisema Kiswahili kwa lafudhi ya nyumbani. Tangu siku hiyo hakutaka Kijapani kingine. Alisema Osaka ndiyo Kangemi ya Japani.

Unakumbuka alikuwa akitunza bustani kwenye zile nyumba za Kileleshwa. Alihamia hapo mama mmoja Mjapani. Obuya akamsalimu asubuhi moja, akamshukuru kwa kumpisha njiani, kwa maneno ya wachuuzi wa Osaka. Yule mama alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Alimwambia kwamba marehemu baba yake alikuwa akisema vile vile sokoni, na kesho yake akamletea kamusi. Obuya aliitembeza kamusi ile mtaani kwake Kangemi kote kama mtu aliyepata mtoto.

Sasa nikueleze mchezo wetu, kwa sababu bila huo hutaelewa yaliyofuata. Mmoja wetu akimwona mwenzake kwa mbali, awe mjini au mtaani, alipaswa kumpigia kelele kwa Kijapani kwamba hatari inakuja, akimbie: akan, nigero. Sharti lilikuwa kwamba aliyeitwa asikimbie. Asimame, ashike kiuno kama shujaa wa katuni, ajibu kwa dharau ya Osaka, nande ya nen, yaani unasema nini wewe, kisha amwite mwenzake mjinga. Anayekimbia ameshindwa, na anunue mandazi ya wote. Tulicheza hivyo miaka mitatu. Kibe hakuwahi kushindwa hata siku moja, na alijivunia sana hilo.

Januari ya mwaka jana, wiki ile ya pili ya fujo za uchaguzi, mimi na Kibe tulitoka Westlands kwa miguu, mchana, kwenda kuchukua nguo na vyeti vyake chumbani kwake Kangemi. Mimi ndiye niliyemwambia twende. Nilimwambia mchana hakuna neno. Tulipoiacha barabara kubwa tukakuta vijana wamefunga njia kwa meza za sokoni na magurudumu. Walikuwa wakidai vitambulisho, na asiye nacho walimsemesha lugha ya nyumbani wamsikie ni wa kabila gani. Unajua jina la Kibe lilikuwa na maana gani pale siku ile. Kwingine jina langu ndilo lingekuwa na maana hiyo.

Obuya alikuwa miongoni mwao. Dada, usishtuke. Waliamuru kila nyumba itoe kijana, na asiyetoka walimchomea mlango. Alisimama mwisho wa mstari, fimbo ameishika kama ufagio.

Alituona kabla hatujafika. Hangeweza kutuita kwa Kiswahili, wala kwa lugha yenu, wala kwa lugha yoyote ambayo wale wangeijua. Akapaza sauti kwa lugha aliyokuwa nayo.

Na Kibe, mpenzi wangu Kibe, akasimama. Akashika kiuno. Akacheka na kujibu kama alivyojibu kila mara.

Obuya akarudia, mara hii akilia, na hapo ndipo Kibe alipoelewa. Akageuka akateremka mtoni mbio, na mchana ule ule akatokea Kileleshwa kwa shangazi Wangui. Walioanza kumfuata waliitwa na wenzao warudi, kwa maana walikuwa wamepata aliye karibu zaidi. Walimwuliza Obuya ile ni lugha gani, na anawapelekea maadui habari gani. Akasema ni ya katuni. Wakamwambia wao si watoto. Wakaanza.

Mimi nilibaki palepale. Kiongozi wao alisoma jina langu kwenye kitambulisho, akanisemesha Kibukusu, lugha ya kwetu, nikamjibu, akaridhika. Kisha akaniuliza kama namjua huyu, na kama naielewa lugha anayoisema. Obuya alikuwa chini, akaniangalia usoni, akaniambia tasukete. Maana yake ni nisaidie. Neno hilo liko ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, kila mmoja wetu alilijua kabla ya kujua kuhesabu mpaka kumi.

Nilisema simjui. Nilisema sielewi, labda ana wazimu. Nikaambiwa nipite, nikapita. Nyuma yangu alikuwa bado akilisema neno lile lile.

Huyo ndiye mtu unayemtafuta, dada. Ni mimi.

Nilipokuja kwenye mazishi niliwakuta wale kina mama wa sokoni waliomwokota wakimweleza Mama kwamba alikata roho akisema maneno ambayo hakuna aliyeyajua, akiyarudia kama mtu anayeomba. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai. Nilimwona Mama akiinua uso. Alisema mwanawe aliacha kanisa tangu kidato cha pili, kumbe Mungu hakumwacha, amempa kunena kwa lugha saa ya mwisho. Akaacha kulia. Mchungaji akasema amina, wote tukasema amina, na mimi nikasema. Sasa unaniandikia kwamba mnajenga kaburi kwa ajili ya ukumbusho wa tarehe thelathini na moja, kwamba Mama anataka maneno hayo yachorwe kwenye simenti, na kwamba mchungaji anataka shahidi mmoja tu aliyeyasikia, aape kanisani.

Kibe hakujua. Alijua alichosababisha yeye, na kwa hicho pekee aliweka kauntabuku juu ya kabati na hajatamka neno la Kijapani tena. Yangu nilimwambia jana, akiwa anamenya viazi. Alimenya mpaka vikaisha. Kisha akasema ni jibu lake lililomuua Obuya. Nikamwambia hapana, ni langu. Tulikula, na leo mkebe wa sukari haukuwa na kitu ila sukari.

Nimefikiri sana kama ni haki kumnyang'anya Mama faraja aliyolala nayo mwaka mzima. Lakini siwezi kusimama mbele ya kanisa niape kwamba mwanawe alikuwa akizungumza na Mungu, hali alikuwa akizungumza na mimi.

Usimweleze wewe. Si mzigo wako, na sitaki asikie kutoka kinywa kingine. Nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti, na kauntabuku nitaliweka mikononi mwake, maana ndiyo mali pekee aliyoiacha Obuya huku. Akinifukuza nitaondoka. Kibe anasema atakuja nami hata akifukuzwa getini.

Nisalimie watoto, na umpe Mama salamu zangu bila kumweleza zaidi. Fundi akishafika, mwambieni ajenge kuta tu, asichore kitu. Nakuja kabla mwezi haujaisha.

Ni mimi mdogo wako,
Naliaka