Jina Ambalo Bibi Halitamki

Sigino,
S.L.P. 41,
Babati, Arusha.
12 Agosti 1984.

Mpendwa Dada Philomena,

Shikamoo. Natumaini huko Mtwara mtoto ananyonya vizuri, nawe umepata nguvu, na homa imemwachia shemeji Herieli. Huku hatujambo. Bibi Fabiola ana kikohozi, ila ulimi wake mzima kabisa. Sabuni uliyotuma ameifungia sandukuni. Tunafulia majani ya mpapai.

Barua yako ya kumwomba amchagulie mtoto jina nilimsomea siku niliyofika. Aliichukua akaifungia sandukuni pamoja na sabuni.

Kilichonileta unakijua: habari za Gidamanyega, yule mwizi wa ng'ombe aliyewasumbua Waingereza. Ofisi yetu ya filamu ilinipa wiki mbili, mkanda mmoja wa dakika tatu, na onyo kwamba nisipompata mtu aliyemwona kwa macho, filamu imekufa. Na mimi naitaka filamu hii kuliko kitu chochote.

Wazee tisa wa sokoni wamenidanganya vizuri sana. Mmoja alimwona akigeuka fisi. Kumbe wakati huo alikuwa hata hajazaliwa!

Bibi naye kila nikimuuliza alisema "yule mtu", au "yule wa ng'ombe", akaenda kuchochea moto. Nikajua ni mama wa kanisa huyu, anamdharau mwizi.

Jumatano nilimleta nyumbani mzee Gidamis, Mbarbaig anayenitafsiria. Alimsikiliza Bibi akilizungukazunguka jina lile, akaweka kikombe chini. Akaniambia kwao mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, hata afe. Kisha akamwamkia Bibi kwa Kibarbaig. Na Bibi akaitikia, Dada! Bila kukwama!

Sisi tuliolelewa tukijua ni Wambulu wa tangu na tangu. Shuleni tuliwacheka watoto wa Kibarbaig, tukiwaita Mang'ati, yaani maadui, mpaka walie. Nimeona aibu sana.

Bibi alilia kidogo, halafu akasimulia. Askari walipoanza kuwakamata ndugu wote wa Gidamanyega, yeye na Babu, aliyekuwa mwanawe, walikimbilia Mbulu. Babu akabatizwa Kasimiri, wakarudi huku wakijiita Wambulu. Hata baba yetu alikufa hajui.

Nikatoa kamera. Akaifunika kwa kanga yake. "Hiyo ni ya serikali, mjukuu wangu, na serikali ni serikali. Mimi niliwakimbia hao." Nilimbembeleza siku mbili, wapi! Nikaona namtesa mzee wa watu. Nimeiandikia ofisi kwamba sikupata shahidi. Imeniuma, sikufichi.

Leo asubuhi nafunga mizigo, akauliza kama mtoto wako ni wa kiume kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi mpeni jina la yule mtu, limekaa bila mwenyewe zaidi ya miaka hamsini. Nikamwuliza, sasa wewe utamwitaje? Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nitamwita Baba."

Uamuzi ni wako na shemeji. Doa hapo chini usilishangae: Bibi ameitemea barua mate, ndiyo baraka yake kwenu, na mimi naongeza yangu, Mungu awatunze.

Nisalimie shemeji Herieli, wifi yako Evangelina, na huyo Baba mchanga.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Romani