Bao Nililolivunja Cherangani

Binti yangu Saumu,

Nilikunyima radhi zangu mbele ya watu, pale barazani kwetu Majengo, na kila aliyekuwapo alisikia. Neno lililosemwa mbele ya watu halirekebishwi kwa kunong'ona. Kwa hiyo barua hii ninaiandika wazi, na yeyote anayetaka kuisoma aisome.

Imepita miaka miwili tangu uondoke. Kila Ijumaa wewe humpigia mama yako simu, na kabla ya kuagana humwuliza goti la Baba linaendeleaje. Yeye hunitazama, mimi hutazama gazeti, naye hukujibu kwamba goti halijambo. Leo nitakujibu mwenyewe, lakini sharti nianze na siku lilipoumia.

Ulikuwa umeamua kuacha kazi ya karani katika ghala la Eneo la Viwanda, kazi niliyokutafutia mimi, ili uhamie Cherangani ukawaongoze wageni milimani kwa baiskeli na kuzitengeneza zinapoharibika. Nilikuambia kwamba hiyo si kazi, ni mchezo. Hukubishana nami. Ulisema tu, "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu hasahihishi karatasi ambayo hajaisoma. Twende ukaisome." Nilikubali kwenda.

Uliniundia baiskeli. Fremu uliitoa sokoni Gikomba, magurudumu yenye meno manene sijui uliyatoa wapi, na kiti ulikibadilisha mara tatu kwa sababu ya malalamiko yangu. Kwa majuma sita, baada ya sala ya Alfajiri, tulizunguka uwanja wa Kamukunji. Mimi niliyekwenda shule kwa baiskeli kubwa nyeusi ya marehemu babu yako, nilidhani sina la kujifunza. Siku ya kwanza Bwana Juma, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alisimama njiani na futi yake shingoni.

"Mwalimu, hiyo ni pensheni imekuingia kichwani, au ni ujana umerudi?"

"Ni mtihani," nilimjibu.

"Basi ukifeli usituletee mifupa yako hapa. Mimi hushona nguo tu."

Ulicheka. Nilikukanya kwa macho, ukaendelea kucheka.

Cherangani ilinishinda kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa nimefikiri kwamba mlima una njia. Ule uwanda wa juu hauna njia. Una mafungu ya nyasi ngumu, matope meusi katikati yake, na mawe yaliyotapakaa kila mahali kana kwamba kuna jengo kubwa lililobomolewa na watu wakasahau kuyachukua. Wewe ulitangulia. Ulikuwa ukifika juu ya kila mwinuko, unashuka, unakaa juu ya jiwe, unaningoja bila kuniita. Mahali pengi niliibeba baiskeli begani. Katika mojawapo ya mahali hapo tulikutana na mama mmoja aliyekuwa akichunga kondoo. Alinisalimu kwa heshima zote, akaniuliza habari za safari, kisha akasema, "Lakini Mzee, hiyo baiskeli umeipanda ama imekupanda?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Yule mama naye akakaa chini. Nilisimama peke yangu na mzigo wangu, nikangoja mmalize.

Ulikuwa umenieleza habari za breki si chini ya mara kumi. "Ya nyuma kwanza, Baba. Ya mbele ukiishika ghafla, unapaa." Tulipoanza kuteremka kwenye mawe, nilishika ya mbele, nikapaa.

Nilisikia ukiita, "Mzae!" Hujawahi kuniita hivyo kabla wala baadaye, na lugha hiyo ya vijana ninyi mnaijua ninavyoihukumu. Siku ile sikuikemea. Ulikuja ukikimbia, ukaliosha goti kwa maji yetu ya kunywa, ukalifunga kwa mtandio wako. Ulipohakikisha kwamba mguu unakunjika, ulisema, "Nilisema ya nyuma." Hukunipa pole. Kwa hilo nilikuheshimu, na sikukwambia.

Ndipo tulipofika kwenye mashimo ya Wasirikwa. Ulinionyesha moja moja, mabonde ya mviringo yaliyozungushiwa mawe, nyasi zimeota ndani. Ulinieleza kwamba watu hao wa kale walikuwa wakilaza ng'ombe wao humo, na kwamba wenyeji wa sasa huyaacha yalivyo. Hawang'oi jiwe hata moja. Ulieleza vizuri, kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi. Nimewahi kuwasikiliza walimu wakikaguliwa darasani, na wewe uliwashinda. Hilo pia sikukwambia.

Kando ya shimo la mwisho kulikuwa na jiwe pana lililolala, na juu yake vishimo vimechongwa mistari miwili. Nililitambua mara moja, nawe ulikuwa ukinitazama uone kama nitalitambua. Lilikuwa bao. Si bao letu la mistari minne ninalocheza na wazee, bali lile la mistari miwili mlilokuwa mkilichimba ardhini nyuma ya nyumba, wewe na watoto wa jirani zetu Wajaluo. Nilikuwa nikiliita bao la watoto. Kumbe watu wazima walilichonga kwenye jiwe muda mrefu kabla ya kuzaliwa yeyote tunayemjua.

Ulikusanya changarawe, ukazigawa. Kisha ulisema, bila kuinua macho, "Nikikufunga, utanipa radhi zako niishi huku."

Nilisema, "Cheza."

Wasiotujua wafahamu kanuni ya nyumba yetu. Bao likianzwa halivunjwi. Likiingiliwa na sala au na mgeni, hufunikwa kwa kanga na kuachwa mezani, na kete hubaki zilivyo hadi mmoja afungwe. Mara nyingi mama yako alitupakulia chakula chini mkekani kwa sababu meza ilikuwa na bao lililolala. Kanuni hiyo niliiweka mimi. Nawe ulikuwa na miaka saba nilipokuchapa kiganja kwa kuvuruga kete ulipoona unashindwa. Nilikwambia kwamba anayevunja bao amekiri mambo mawili: kwamba ameshindwa, na kwamba hana adabu ya kushindwa.

Pale juu ya jiwe nilibakiwa na kete saba katika mashimo matatu, na zamu ilikuwa yako. Ulikuwa umeinua mkono. Nilisimama, nikazikusanya changarawe zote kwa kiganja, nikasema, "Wingu linashuka. Tuondoke."

"Baba, bao halijaisha."

"Limekwisha."

Hukunitazama. Ulitazama vile vishimo vitupu, kisha ukachukua baiskeli yako.

Wingu lilikuwa ng'ambo ya pili ya bonde, Saumu. Halikushuka siku ile. Tuliteremka juani hadi chini, na kila penye mawe mabaya ulisimama ukaningoja kama mwanzo.

Siku uliyofunga mizigo, majirani walikuwa barazani, na mimi nilikuwa katikati yao. Ulikuja kuniaga kama inavyopasa. Nilisema, kwa sauti ya kufika hadi kwenye cherehani ya Bwana Juma, "Anayekwenda leo anakwenda bila radhi zangu." Ulijibu, "Nimesikia, Baba," ukauinamia mkono wangu, ukaubusu, ukaenda. Ile baiskeli uliyoniundia mimi uliiacha imeegemea ukuta, imefutwa matope.

Hapa kwetu hakuna asiyejua uzito wa kauli ile. Mtoto akiondoka bila radhi za mzazi, likimpata jambo lolote, hata pancha tu, watu hutafuta sababu mahali hapo. Nilikubebesha mzigo huo na kukupandisha nao mlima. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimefungwa na binti yangu kwenye bao la watoto, na nilijua kwamba kesho yake ningebaki katika nyumba ambayo wewe humo. Sababu ya kwanza ni ya aibu. Ya pili si ya aibu, lakini haikunipa ruhusa.

Majuma machache yaliyopita nilitoa bao kabatini. Nilizipanga komwe kwenye mistari miwili ya ndani kama changarawe zilivyokuwa zimekaa. Sikuhitaji kukisia, mwalimu huwa hasahau majibu aliyoyafuta. Nilicheza upande wako, kisha wangu. Nikarudisha, nikajaribu njia nyingine. Nilijaribu kila njia ambayo ningeweza kuipita kwa zile kete saba. Kila mara ulinifunga, na njia ndefu kuliko zote ilikuwa ya zamu nne. Nililifunika kwa kanga.

Usiku wa tatu tukila mkekani, mama yako aliuliza, "Hilo bao unacheza na nani?"

"Na Saumu."

"Nani anashinda?"

Nilikula tonge langu. Mama yako hana haraka, alingoja nimeze.

"Yeye," nikasema.

"Basi mwambie. Magoti yangu nayo yamechoka na huu mkeka."

Jana baada ya Alasiri niliwakusanya wale wale waliokuwapo barazani. Nilisimama. Niliwaambia kwamba nilivunja bao, kwamba wingu halikuwapo, na kwamba binti yangu Saumu ana radhi zangu zote, tangu siku ile aliyoondoka, si tangu jana. Kisha Bwana Juma akasema, "Mwalimu, kutoka Cherangani mpaka hapa barazani umetumia miaka miwili. Hata kwa miguu ungefika mapema." Walicheka wote. Sikuona sababu ya kuwakanya.

Radhi hizi hazina sharti. Sikuiti urudi, wala sikuombi unisamehe ndipo uzipate. Ni zako, ulizishinda. Kuhusu goti, linauma nikipanda ngazi na linatulia nikipiga pedali, jambo ambalo daktari amelieleza na mimi sikulielewa. Asubuhi nimekuwa nikizunguka Kamukunji. Mizunguko mitano, polepole.

Umenifunga, Saumu. Usiku wa jana niliikunja kanga, nikazirudisha komwe mfukoni mwake, na mama yako akapakua chakula mezani.

Nenda salama huko juu, ukaishi unavyotaka. Ya nyuma kwanza.

Ni mimi,
Baba yako