Chungu Chenye Midomo Miwili

Mpendwa pacha wangu Opio,

Nimeketi jikoni kwangu Ntinda, mlango nimeufunga kwa komeo, na chungu chetu kiko mezani mbele yangu. Usicheke. Wewe ulikuwa mwepesi wa kucheka, hasa mimi nikiogopa.

Unakumbuka kilivyokaa kando ya kitanda cha mama, kule kambini, baba alipokuwa askari? Tumbo moja, midomo miwili: mmoja wako, mmoja wangu, kama wanavyofinyangiwa mapacha kwetu kaskazini. Tulikuwa tunavizia mama aende soko la Nakawa, halafu wewe unaita kwenye mdomo mmoja, mimi nimetega sikio kwenye mwingine. Siku moja akatufumania.

"Nyinyi watoto, hiyo si simu! Nani ameita kwa mdomo ya mwenzake?"

Akaipapasa midomo yote miwili kwa kidole, akamwonyesha kila mmoja wake. Mimi nilisahau kabla ya chakula cha mchana, maana kwa macho yangu ilikuwa sawa kabisa.

Vita vilipokwisha hapa mjini tulidhani vimekwisha kweli. Kumbe vilihamia kwetu. Ukajiunga na jeshi kama baba, ukapanda lori la kwenda kaskazini, ukaniachia nusu ya chapati yako chini ya sahani. Baada ya hapo hatukuletewa habari wala mwili. Unajua desturi yetu: pacha mmoja akifa, mdomo wake huzibwa kwa udongo, asije akamwita aliyebaki. Ndugu walimsihi sana mama. Alikataa katakata.

"Mimi sijaona maiti. Nizibe nini?"

Kila asubuhi akaendelea kukijaza chungu maji mpaka alipofariki, nami nikakichukua. Nilikipenda, Opio. Wageni walidhani ni pambo la sebuleni, nami niliwaacha wadhani hivyo.

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu makumbusho. Wao wakakimbilia ngoma na mikuki, mimi nikasimama mbele ya kabati la kioo kama niliyepigwa shoti. Ndani kulikuwa na chungu kama chetu, mdomo mmoja umezibwa. Kadi yake ilisema ni cha mapacha, mwenyewe hajulikani. Lakini udongo ule ulikuwa mbichi. Uling'aa kwa maji, na alama ya kidole gumba ilikuwa bado laini. Nikamuuliza mlinzi nani amekigusa.

"Hiyo kabati hatufunguanga, madamu. Funguo ilipotea zamani."

Nilirudi nyumbani. Nikampigia simu baba mdogo, ambaye hajawahi kuchelewa kutoa amri.

"Mtu ya kupotea kama Opio anavutanga mwenzake. Ziba leo!"

"Nizibe upi?"

"Mama yako ndiye alijuanga," akasema.

Jana nilileta udongo, nikaukanda, nikauweka kwenye beseni kando ya chungu. Nikaipapasa midomo kama mama. Vidole vyangu havikujua kitu. Nikikosea, nitakuwa nimejiziba mwenyewe, nisisikike tena na mtu, kama mfu. Na hata nikipatia, nitakuwa nimekuzika kwa mkono wangu, nawe huenda uko hai mahali fulani, mzee mwenye kipara, unamtania mtu mwingine. Sikuweza. Nilikupenda kuliko nilivyokuogopa, nikaenda kulala.

Asubuhi hii komeo lilikuwa palepale nilipoliacha. Beseni lilikuwa tupu. Mdomo mmoja wa chungu umezibwa vizuri, umelainishwa pembeni kama kazi ya mtu asiye na haraka. Nimeweka gumba langu juu ya alama ya gumba iliyo pale. Imelingana. Lakini wewe na mimi tulikuwa na mikono sawa, mama mwenyewe alikuwa akisema hivyo.

Kama ni wewe uliyekuja, asante kwa kunionea huruma, na ulale salama kaka yangu. Nimekulilia miaka yote hii bila ruhusa ya mama. Leo nalia nikiwa na ruhusa.

Ila sina hakika ni nani kati yetu aliyezibwa. Tangu nimeamka simu haijalia. Jirani yangu yuko nje anafagia, namsikia akiimba. Nimeona nikuandikie kwanza, kwa sababu nikimaliza itabidi nifungue mlango nimsalimie, na naogopa hataitika.

Pacha wako wa tumbo moja,
Acen