Alhamisi za Alwyn Fearon

Askerdale, Cumbria
8 Desemba

Mdogo wangu Russell,

Nakusalimu sana, wewe na wifi Denise na watoto. Natumaini hamjambo na jua la huko Perth halijawachuna ngozi. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanitesa, na mvua imeshika tangu Oktoba. Baba yupo, lakini hali yake si nzuri hata kidogo. Ndiyo sababu ya barua hii, nawe tafadhali uisome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu.

Alwyn Fearon pengine humkumbuki, ulipoondoka alikuwa bado anasoma. Pande la mtu, masikio yamevimba kama viazi. Ameichezea klabu yetu ya raga miaka kumi na mitatu, safu ya mbele. Kusema kweli uwanjani alikuwa amekwisha. Mwaka huu akiingizwa dakika ishirini tu, anatoka anahema. Lakini nje ya uwanja, loo! Mchezaji wetu aliyetoka Papua alipotaka kurudi kwao kwa baridi na upweke, Alwyn alimchukua akakaa kwake miezi mitatu, akamfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Mzee wa getini alipofiwa na mkewe, Alwyn alibeba jeneza. Hakuna aliyemtuma.

Na kila Alhamisi saa nane mchana alikwenda makao ya wazee kukaa na Baba. Ugonjwa wa kusahau umemmaliza Baba, Russell. Kuna siku hajui kijiko ni cha nini. Lakini Alwyn akiingia tu, Baba anachangamka. Alikuwa akimtania kwamba anakimbia kama mtu aliyebebeshwa kabati, na Alwyn anamjibu kwamba afadhali yeye, maana wazee wanasema Baba enzi zake za kucheza raga alikuwa kabati lenyewe. Basi Baba anacheka mpaka machozi, na siku hiyo anamaliza samaki na chipsi zake, anakubali kuoga bila kumpiga mtu.

Mwezi wa tisa kocha mpya aliileta kwenye kamati yetu ya klabu karatasi yake: nani amekaba mara ngapi, nani amekimbia mita ngapi. Alwyn alikuwa wa mwisho. Kocha akasema mkataba wake usiongezwe. Mwenyekiti akamuuliza kama kwenye karatasi ile kuna mahali pa kuandika mengine anayoyafanya mtu huyu. Kocha akajibu kwamba yeye ameajiriwa kushinda mechi, na klabu si chama cha kuzikana. Watu wakaguna. Unajua desturi yetu, hatunyooshi mikono. Kila mmoja anaandika kwenye kikaratasi, vinatiwa kwenye kikombe cha ubingwa cha zamani, vikishasomwa vinachomwa. Tuko watano. Kura tatu zilimtoa, mbili zilimbakiza.

Alwyn alipata klabu kule Hull, mwendo wa saa nne kwa gari, akaenda. Alhamisi ya kwanza Baba alivaa koti akakaa dirishani mpaka wakaja kuwasha taa. Ya pili vilevile, na ya tatu. Mwisho akaacha kuuliza, na kula akaacha. Sasa ni mifupa mitupu.

Russell, kura ya tatu ilikuwa yangu.

Wala si kwa sababu ya karatasi ya kocha. Ni wivu. Baba alikuwa akimwita Alwyn kwa jina lako. Kila Alhamisi anawatangazia manesi kwamba Russell wake amekuja, na Alwyn hakumsahihisha, aliitika tu. Mimi ninayemnyoa, ninayemkata kucha, ninayemfulia miaka sita sasa, ananiita yule mama. Nilichoka, ndugu yangu. Nilijiambia huyu akiondoka, Baba atanitazama mimi. Hakunitazama.

Juzi Alwyn alikuja, siku yake ya mapumziko. Alileta maua, na hayakuwa ya Baba, yalikuwa yangu. Alisema amesikia kura ziligawanyika, na anajua fika kwamba mimi nilimtetea, maana binti wa mzee wake hawezi kumtupa. Nikayapokea, Russell. Nikasema asante. Tukaingia pamoja. Alwyn akamsalimu Baba kwa sauti kubwa kama alivyozoea. Baba akamtazama sana, kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa adabu bwana huyu ni nani na anataka nini. Alwyn alikaa naye saa nzima amemshika mkono. Alipotoka nilimwona kupitia dirisha, ameegemea usukani analia.

Daktari anasema Baba huenda asiufikie mwaka mpya. Kama utakuja, njoo sasa. Lakini usitegemee atakujua. Russell wa mwisho aliyemjua, nilimfukuza mimi.

Nisalimie wifi na uwabusu watoto. Ukinikasirikia nitaelewa, ila usininyamazie.

Ni mimi dada yako,
Maureen